Kadi ya Kijani Kabla Sijafa

Jumatatu, 11 Machi 2024

Daktari amesema ni moyo mpana. Alimwambia mkwe wangu Salvina, siyo mimi, ila masikio yangu bado ni ya mwalimu. Tujiandae, alisema. Nimeamua kujiandaa kwa kuandika ukweli mtupu humu, maana padre huja mara chache na mimi husahau. Naanza na ukweli wa leo. Si mzuri.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wananchi ya kufuatilia ahadi na fedha za serikali hapa kijijini. Watu watano. Tulikwenda semina wilayani, tukapewa soda na kofia. Serikali ikisema imejenga, sisi tunakwenda kutazama kama kweli imejenga. Kisha kila mjumbe anainua kadi. Kijani, kazi imekamilika. Njano, bado kidogo. Nyekundu, hapana. Zikiwa kijani zote, jengo linapokelewa na mkandarasi anakwenda zake. Ikikosekana moja tu, anabaki.

Safari hii ni wodi ya wazazi ya zahanati yetu. Bati jekundu. Naliona kutoka kibarazani, juu ya migomba. Leo nilikwenda kukagua peke yangu, kwa fimbo mbili. Kuta nzuri. Vitanda vipo. Nikafungua bomba la chumba cha kujifungulia. Likakohoa. Likatoa upepo na mchwa mmoja, basi. Nikazunguka nyuma ya ukuta. Bomba linaishia kwenye nyasi. Tangi liko kule kilimani, jipya, zuri, halijaunganishwa na chochote.

Kama Clavery, mkandarasi, asingetokea mlangoni, ningekwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji. Shikamoo mara mbili. Akanionyesha jiwe jeusi lililopachikwa ukutani, linateleza kama kioo, halijaandikwa kitu. Akasema wodi itapewa jina la mtu aliyeitumikia jamii, na mchongaji yuko Bukoba anasubiri. Yeye binafsi anamfikiria mwalimu fulani. Nikauliza, na bomba? Akasema vitu vidogo kama hivyo vitamaliziwa baada ya makabidhiano ya Jumanne ya wiki ijayo. Kamati ikikataa, basi tena mpaka mwakani. Akaitazama miguu yangu iliyovimba.

"Na mwakani, Mwalimu..."

Nimelifunga lile bomba kwa mkono wangu.

Jumatano, 13 Machi

Kikao cha kamati, nyumbani kwangu, kwa sababu ya moyo. Verdiana, mfanyabiashara wa maharage aliyetokea Muleba, alitaka twende wote tukajaribu maji. Mwanamke huyu hata gunia la maharage hulinunua baada ya kulimwaga lote chini. Nikasema nimeshajaribu mwenyewe. Akauliza, yanatoka? Nikasema yanatoka.

Akaridhika. Akasema Mwalimu akisema, imetosha. Nilijisikia vibaya kwa muda mfupi.

Tatizo ni Yustasi. Katekista, mfugaji, mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana, na mtu mwenye sauti isiyolingana na kimo chake. Amesema hatainua kijani hadi wodi ipewe jina la marehemu baba yake, kwa kuwa ng'ombe wa baba yake walilishwa pale kabla hapajawa zahanati. Nikamwambia kwa hesabu hiyo nusu ya wilaya ya Kyerwa ingeitwa jina la baba yake. Akasema ndiyo, ingependeza.

Jioni mjukuu wangu Ainembabazi, binti wa Salvina, amefika kutoka Ihembe, amekaa upande kwenye bodaboda, tumbo mbele kama mzigo wa ndizi. Uzazi wa kwanza, amekuja kujifungulia kwetu. Salvina akamwonyesha bati jekundu kutoka kibarazani. Akasema, mwanangu, umepata bahati, sisi tulizaa njiani kwenda hospitali. Ainembabazi akanishukuru. Ati Babu ndiye aliyesimamia.

Nikaomba uji nipate cha kufanya.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepata njia! Huku kwetu maneno ya mtu anayeaga hayapingwi. Baba yangu alipoagana nasi, alitugawia kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa, kutoka kiganjani mwake. Aliyetafuna amekubali wosia. Nani anaweza kugeuka baada ya hapo? Hata shamba la mtoni, ambalo wote walilitaka, halikuguswa.

Basi nikajilaza. Nikamwambia Salvina pumzi inakata, aite kamati. Uongo kidogo tu, maana pumzi kweli hukata, ila si leo. Wakaja wote, Yustasi na rozari yake mbele. Nikaongea kwa sauti ya chini, wakainama. Nikasema naondoka na ombi moja. Jumanne wainue kijani wote. Na kuhusu lile jiwe, sijipendekezi, lakini jina la mwalimu litawafaa watoto.

Nikafungua kiganja. Kila mmoja akachukua kahawa yake. Verdiana alitafuna huku machozi yakimtoka. Yustasi aliondoka ameshika shavu, hakuweza kusema neno. Nilifurahi sana. Nilikaribia kupona.

Ijumaa, 15 Machi

Sikulifikiria hili. Wanasubiri nife.

Asubuhi kikundi cha kuzikana kimeleta maturubai, kuni na masufuria makubwa yote, yale ya kupikia watu wa msiba. Yamepangwa uani kama ng'ombe waliolala. Yustasi anatembea migombani na kamba, anapima. Nimemsikia akiuliza kama nilikuwa mrefu hivi tangu zamani.

Siwezi kula mbele za watu. Anayeaga halambi sahani. Salvina ananiletea ndizi na maharage chini ya kanga, na mimi nakula nimegeukia ukutani. Leo Yustasi aliingia ghafla nikiwa na ndizi nzima mdomoni. Akadhani ulimi umevimba. Akanisomea sala ya wafu, yote, bila kuruka.

Jumapili, 17 Machi

Mvua ya tangu jana imebomoa daraja la chini. Gari haliendi hospitali, wala bodaboda.

Nesi Placidia, muuguzi pekee wa zahanati yetu, amekuja kumpima Ainembabazi. Mtoto yuko karibu. Kile chumba cha zamani kinavuja, atamzalishia wodi mpya, mkandarasi amekubali kumpa ufunguo asubuhi ya makabidhiano. Akasema, la muhimu ni maji, na maji si yapo, Mwalimu? Bila maji ya kutosha hagusi mzazi. Mwaka jana aliona mama akipotea hivyo hivyo, watu wanakimbilia chemchemi na ndoo moja.

Nilifungua mdomo. Ainembabazi alikuwa amekaa miguuni pangu, ananikanda nyayo ili uvimbe uteremke. Nikaufunga.

Mchana padre alipita kuungamisha wagonjwa kwa ajili ya Kwaresima. Niliungama hasira, wivu juu ya Yustasi, na sukari kwenye chai kinyume cha agizo la daktari. Akauliza kama kuna lingine. Nikamwambia hakuna. Alinitazama kidogo, akanipa baraka.

Nitamwambia Placidia kesho.

Jumatatu, 18 Machi

Sikumwambia. Alikuwa na kazi nyingi.

Jumanne, 19 Machi

Lazima niandike kabla sijalala.

Uchungu ulimshika Ainembabazi kabla ya chai. Placidia akamwingiza wodi mpya, Salvina akifuata. Mimi nikabebwa kwenye machela na vijana wa kikundi cha kuzikana, ambao walinibeba vizuri kupita kiasi, kama wanaofanya mazoezi. Maofisa wawili wa wilaya walifika kwa miguu, matope hadi magotini, kwa kuwa gari lao lilibaki ng'ambo ya daraja. Watu wamejaa uwanjani. Clavery amevaa tai.

Kadi zikainuliwa. Kijani. Kijani. Kijani. Yangu kijani, mikono miwili. Yustasi akainua nyekundu.

Nikamwambia ametafuna wosia wangu. Akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa kahawa yangu, nzima, akaionyesha umati.

"Nitafune na nini, Mwalimu? Mimi sina meno, na wewe unajua."

Watu walicheka hadi ofisa mmoja akaketi. Yustasi akasema hajafungwa na chochote, anataka jina la baba yake. Clavery akajitokeza haraka. Akasema jiwe ni kubwa, linachukua majina mawili. Yustasi akafikiri. Akauliza la nani litakuwa juu. Clavery akasema la baba yake. Nikaona nyekundu inashuka. Nikaona kijani inatoka mfukoni, imekunjamana. Na mimi nilikubali kuwa chini! Mungu anaona. Nilikuwa nimekubali.

Hapo ndipo Placidia alipotoa kichwa dirishani. Hakupiga kelele. Alisema bomba halitoi maji, tena damu inaanza kumtoka mzazi, na nani alisema amelijaribu.

Verdiana akanigeukia. Wengine wakamfuata. Nilisikia sauti ya Ainembabazi kutoka ndani, ananiita mimi, Babu, siyo mama yake.

"Hakuna maji," nikasema. "Nilijua tangu wiki iliyopita. Bomba linaishia kwenye nyasi."

Nilitegemea kelele. Hapakuwa na muda wa kelele. Verdiana alitupa kadi yake chini akakamata dumu. Vijana wakaiacha machela yangu matopeni wakakimbia. Yustasi, kwa sauti ile isiyolingana na kimo chake, akaamuru masufuria ya msiba wangu yaletwe. Yote. Na kuni zangu. Watu wakajipanga mstari toka chemchemini hadi uwanjani, madumu yakapita mkono kwa mkono, ofisa mwenye matope naye yumo. Turubai la msiba wangu likatandwa juu ya moto kama paa ili mvua isiuzime. Maji yakachemka ndani ya masufuria ya kuwapikia waombolezaji wangu, yakaingizwa dirishani kwa ndoo.

Mimi nilibaki kwenye machela, peke yangu, mvua inaninyeshea usoni. Niliahidi mengi. Nilisema nichukuliwe mimi, maana hata kamba ya kupimia ilishapita. Nilisema sitaki jiwe. Nilirudia kusema sitaki jiwe.

Kisha mtoto akalia.

Msichana. Mama yake amechoka sana lakini anaongea. Placidia alitoka nje, akaketi kwenye ngazi, akaficha uso kwenye aproni. Verdiana akaziokota kadi zilizosambaa matopeni, akatafuta nyekundu, akamgawia kila mjumbe moja. Alinifikia mimi wa mwisho. Tukainua. Nyekundu zote. Maofisa wakamwambia Clavery haondoki hadi maji yatoke. Jiwe limebaki tupu.

Alhamisi, 21 Machi

Nimevuliwa uenyekiti. Verdiana kachukua. Leo ameuliza kama nitamkabidhi kofia ya semina au niendelee nayo. Nimemkabidhi.

Padre amerudi, nimeungama yote, pamoja na kahawa. Akaniamuru nimwombe radhi kila mjumbe, kwa mdomo wangu. Nimefanya. Yustasi amesema amenisamehe, ila kikundi kinataka masufuria yasuguliwe masizi kwa kuwa hayakutumika kwa shughuli iliyokusudiwa. Ainembabazi nilimwomba mwisho. Alinipa mtoto nimshike. Hakusema ndiyo wala hapana. Mtoto ni mzito kuliko alivyoonekana.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Ni ajabu, najisikia vizuri. Nimekula mezani, mbele za watu.

Nimekuwa nikitafakari. Kama nisingejifanya naaga, masufuria yangetoka wapi? Kuni kavu, katika mvua ile? Turubai je? Mtu akilitazama jambo hili kwa utulivu, ataona kwamba maandalizi yote ya uzazi ule niliyafanya mimi. Sisemi hivyo mbele ya Placidia.

Clavery anachimba mtaro. Kutoka kibarazani namwona na watu wake, wanashuka na bomba toka kilimani. Baada ya Pasaka maji yatakabidhiwa, kamati itainua kadi tena. Na lile tangi, nimeliangalia leo kwa makini. Lina ubavu mpana unaotazama barabara ya Mabira. Halihitaji mchongaji. Rangi tu, na brashi. Jina refu kama langu linaenea vizuri.

Yustasi naye, naambiwa, ameonekana akilizunguka na kamba.

Nimemwita Salvina. Nimemwambia kifua kinabana tangu asubuhi, aiite kamati Jumatano. Alinitazama sana. Nikamwambia kahawa aichemshe kutwa nzima safari hii, ilainike kabisa, hata asiye na meno aitafune.