Sarafu Chafu za Winnemucca

Bibi Orpha Tillotson alipofungua kitambaa chake, moyo wa Delmar Quigley uliruka, lakini uso wake ulibaki palepale kama wa mtu anayesubiri basi. Ilikuwa mwaka 1998, naye alikuwa amekodi ukumbi wa hoteli moja ya kamari mjini Winnemucca, akatangaza redioni kwamba ananunua dhahabu ya zamani kwa bei ya haki. Wajane na wafugaji wakapanga foleni. Haki yenyewe alikuwa ameiacha garini.

Ndani ya kitambaa mlikuwa na sarafu ya dola ishirini, yenye herufi mbili ndogo chini ya tai, CC, alama ya kiwanda cha kale cha sarafu cha Carson City. Delmar alimjua tajiri mmoja wa Reno ambaye angeinunua kwa elfu sita bila kupepesa macho.

"Pole, mama," alisema kwa huzuni ya mchungaji msibani. "Chafu mno. Nikijikaza sana, mia tatu."

"Babu yangu alilipwa hiyo mgodini."

"Na jasho lake bado limo. Ona wekundu huu! Ingekuwa inang'aa, ningekupa elfu mbili hapahapa."

Alipaza sauti makusudi, ili foleni nzima ianze kupunguza matumaini.

"Elfu mbili? Kweli?"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Mama yake alikuwa Fresno, mzima wa afya, akicheza bingo.

Bibi akaifunga sarafu yake, akaondoka. Delmar hakujali. Wote hurudi.

Naye alirudi, kabla ya chakula cha mchana. Sarafu iliwaka kama taa ya gari.

"Dawa ya meno," alieleza, "na brashi ya masufuria."

Wakusanyaji wa sarafu hulipia ule uzee wenyewe; sarafu ikishasuguliwa, hubaki uzito wa dhahabu tu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mia tatu ilikuwa bei ya haki.

"Mama, unajua..."

"Uliapa."

"Sote tulisikia," alisema Etcheberry, mfugaji wa kondoo mwenye mwili kama mlango wa ghala.

Delmar aliitazama foleni: kila mmoja na kitambaa chake. Akikataa, wote wataondoka. Akilipa, atajifidia kwao hao hao. Akalipa, tena kwa tabasamu.

"Mungu akubariki, kijana," alisema Orpha, kisha akawageukia wenzake. "Dawa ya meno ya kawaida inatosha. Msinunue ya ghali."

Foleni ikavunjika. Mmoja mmoja walifunga vitambaa vyao, wakaelekea mlangoni bila kusukumana. Etcheberry alibaki nyuma, akavua kofia, akainama mezani kwa heshima.

"Marehemu baba aliniachia debe zima la sarafu kama hizo," alisema. "Unafunga saa ngapi?"