Mahindi ya Zambarau Chini ya Pazia

Jumanne, 4 Februari

Jumapili binti yangu anakuja! Mara ya mwisho alikaa kidogo tu, chai akaiacha nusu. Kikombe chake nilikiosha kesho yake jioni. Safari hii ana shida nami. Kazi yake ni kutia rangi nyuzi za kufumia, na anataka mahindi ya zambarau, yale ambayo ukiyachemsha maji yanageuka wino. Mbegu alitugawia sisi wawili: mimi na jirani yangu Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Mwenye mahindi yaliyokolea rangi, kwake atakuwa anakuja kuyachukua kila Jumapili mpaka yaishe. Kila Jumapili! Viti nimeshavipanga.

Breki hana lake. Mahindi yake yako juani tangu asubuhi, maskini, kama hayana mwenyewe. Mimi nimekuwa dobi maisha yangu yote. Nguo ya rangi haianikwi juani, hata mtoto anajua. Basi tangu mahindi yangu yachanue nimeyafunika kwa mapazia ya sebuleni, yale mazito aliyochagua marehemu mke wangu. Jua na likome!

Alhamisi, 6 Februari

Breki kachungulia uani. Kaniuliza kama mahindi yangu yamefiwa. Nimemwambia ashughulike na yake. Akajigamba kwamba jua la mchana na baridi hii ya usiku vimeyakoleza yake mpaka majani. Nimecheka sana.

Alipoondoka nikamenya hindi moja. Mungu wangu! Punje zimepauka, waridi ya shati lililofuliwa miaka kumi. Nikamenya la pili. Yale yale. Nikakimbilia ndani kumwambia mke wangu. Nilifika mlangoni ndipo nikakumbuka.

Sikula.

Jumamosi, 8 Februari

Nimepata! Bluu ya nguo! Nina kopo zima la ile ya kung'arisha mashuka meupe, lililobaki nilipofunga duka langu la udobi. Bluu juu ya waridi inatoa nini? Zambarau! Ukiwa dobi huhitaji kufundishwa. Nimeyachovya mahindi yote kwenye beseni na kuyaanika kambani kwa vibanio. Kivulini, bila shaka. Breki kauliza kama siku hizi nafua mahindi. Nimemjibu mambo ya kitaalamu hayamhusu. Wivu tu.

Jumapili, 9 Februari

Kaja! Kayaona mahindi, kasema, loo, Baba, umenishinda. Nilitamani saa isimame pale pale.

Kisha akaomba sufuria mbili. Akachemsha yangu moja, ya Breki nyingine, na Breki mwenyewe kasimama jikoni kwangu kama mkaguzi. Maji ya Breki yakawa zambarau nzito. Yangu bluu ya mashuka. Binti yangu akakamulia limau kote kuwili. Ya Breki yakageuka mekundu, yakang'aa. Yangu yakabaki bluu vile vile. Akanusa. Akauliza taratibu kama ile ni bluu ya nguo. Nikasema sufuria hiyo ina matatizo. Breki alicheka mpaka akashika ukuta.

Akanieleza bila hasira. Rangi ile hindi hujitengenezea lenyewe, kujikinga na jua kali na baridi. Ukilifunika, litajikinga na nini? Nikasema nalijua hilo, nilikuwa najaribu tu.

Breki alipotoka kwenda kujaza gunia lake, binti yangu akanishika mkono. Akasema nikimtaka aje nimwambie tu, haji kwa ajili ya mahindi. Nikamjibu mimi sijambo kabisa, nina shughuli nyingi mno.

Akiinama kuaga, kitambaa chake cha kichwa kikatumbukia kwenye beseni la bluu. Nikamwambia akiache, nitakifua. Akasema atakipitia Jumatano. Ahsante, beseni!

Jumatano, 12 Februari

Kitambaa kimetakata. Tangu juzi kimekauka, nimekipiga pasi, nimekikunja. Leo asubuhi nikakitazama, nikashtuka. Akishakichukua, atarudi kufanya nini tena? Nikakirudisha kwenye maji. Akili hizo!

Adhuhuri akapiga simu. Kitambaa kimekauka? Nikasema bado, hali ya hewa mbaya. Akasema yuko njiani, ameshanunua chakula cha watu wawili. Akauliza kama nina la kumwambia. Nikamwambia asijisumbue, kitambaa bado kibichi kabisa. Basi, akasema, kwa kuwa nina shughuli, atakuja mwisho wa mwezi.

Nikasema sawa, kazi njema.

Mpango umekubali! Sasa ana sababu ya kuja. Nimekula mkate nikitazama kile kiti kingine. Kupitia dirishani nimesikia Breki akicheka na mtu, na sauti ya sahani.

Kitambaa nimekianika humu ndani, mapazia nimeyarudisha na kuyafunga vizuri. Kina rangi nzuri sana. Jua lingekiharibu.