Dakika Tisa za Kuondoka Qurum

Jumamosi, 5 Disemba 1970

Nyumba, kwa maana ninayoikusudia hapa, ni chombo kinachomhifadhi mtu na mkewe, na kinachoweza kuondoka pamoja nao ndani ya dakika tisa. Kisichoondoka ni jengo tu. Jengo letu tuliliacha Unguja. Funguo zake ningali nazo.

Leo nyumba imekamilika, hapa Qurum, nchi ya babu zetu. Lori, chumba cha mbao mgongoni, mlango kwa nyuma. Nyuma ya lori, tela. Juu ya tela, boti ya mashine. Barabara ikifungwa, bahari. Bahari ikifungwa, barabara. Nilistaafu kazi ya upimaji ardhi huko Kuwait kwa ajili ya utulivu huu. Sijalala siku tatu.

Mahbuba hakuisifu. Amesema jirani yetu Marhoon, aliyerudi kutoka Pemba kabla yetu, anatupa kipande cha shamba lake tujenge. Anataka jibu Ijumaa. Jengo! Nimemwambia nitalifikiria. Sitalifikiria.

Jumatatu, 7 Disemba

Zoezi la kwanza: dakika thelathini na moja. Mahbuba alirudi mara mbili, kwanza kufuata mbuzi ya nazi, kisha kumuaga Nasriya, mke wa Marhoon. Nikamweleza kwamba anayekimbia haagi. Akajibu kuwa hilo analijua, ameolewa na mtu wa namna hiyo. Nikaandika muda.

Marhoon alitazama zoezi zima huku akila tende. Akataka kujua boti yangu inalishwa majani au nafaka. Kisha akanialika harusi ya mpwawe, Aflah, Alkhamisi alasiri. Nilikubali kwa adabu. Akili yangu ilikuwa kwenye saa.

Jumatano, 9 Disemba

Kugeuza gari na tela kunatupotezea dakika mbili. Nimekata chuma kinachounga tela na lori, nimekipunguza futi mbili. Vipimo nimevirejea mara nne. Ustadi!

Alkhamisi, 10 Disemba

Risasi! Saa tisa na nusu alasiri. Kumi, kisha zisizohesabika. Milio ile ile ya Januari, Unguja. Nilifuata utaratibu. Hatua ya kwanza, funga tela: dakika moja na nusu, haijapata kutokea. Hatua ya pili, mtoe Mahbuba chumbani, aje mbele kwa dereva.

Mlango haukufunguka. Pua ya boti ilikuwa imeukaba. Zile futi mbili nilizozikata ndizo mlango ulizozihitaji.

Nikasukuma. Nikarudi kuifungua tela. Pini haikutoka. Milio ikakaribia. Mahbuba akachungulia kidirishani, amevaa nguo zake za kutokea, uso umetulia kabisa.

"Mwaka sitini na nne ulitangulia wewe, mie nkabaki siku arubaini na mbili," alisema. "Na leo n'takaa ngapi, bwana?"

Niliketi mchangani, mgongo kwenye tairi, nikamwambia siendi popote. Ilikuwa kweli, miguu ilikataa.

Akatokea Marhoon, bunduki begani. Nikainua mikono.

"Shusha mikono, Bwana Thani. Tunamuoza Aflah. Huku bwana harusi hupigiwa risasi hewani. Bibi hakukwambia?"

Mahbuba akasema kidirishani kwamba alinambia juzi, na jana, na leo wakati wa chakula. Wanaume sita waliiinua boti, wakiuliza kwa zamu kama imekula. Nililetewa halwa.

Ijumaa, 11 Disemba

Baada ya sala Mahbuba alimjibu Marhoon mwenyewe: tutajenga. Kisha akapanda mche wa mndimu, zawadi ya Nasriya, shibiri tatu mbele ya gurudumu la mbele. Akaumwagilia maji bila kunitazama. Sikumpinga. Niliupima.

Nimelichunguza tukio la jana kwa makini. Kosa halikuwa la fikra, bali la futi mbili. Kesho nitatoboa mlango wa pili, ubavuni. Tukiukwepa mndimu, hata dakika saba zinawezekana. Hesabu yote inakubali. Limebaki jambo moja ambalo kipimo changu hakilifikii: siku risasi zitakapolia kwa kweli, na mlango uko wazi, je, Mahbuba atatoka?