Mdomo wa Mashine ya Anwar

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Mpwa wangu Anwar kanikabidhi ofisi yake hapa Tandale: kompyuta, printa, feni na Farida mpiga chapa. Kazi yangu kufungua, kufunga, kulinda. Nimemsimulia Farida nilivyozuia lori mlima Kitonga kwa bega hili la kulia. Kauliza mbona asubuhi lilikuwa la kushoto.

Jioni nikaona kasoro. Mashine ina mdomo, ule wa kutilia disketi, umeachwa wazi. Kwetu hakilali chombo wazi. Chungu, mtungi, hata kikombe, usiku unafunika na bismillahi, shetani asitie mkono. Nikachukua disketi tupu mezani, nikaisukumia mdomoni. Ikaingia yote. Nikalala kama sultani.

Jumanne, 6 Agosti

Mashine haiamki. Kioo cheusi, maneno mawili matatu ya Kizungu, basi. Kadi za harusi za Bi Hamdiya wa Kawe zimo humo, anazitaka Alhamisi. Anwar kasema zikikosekana, mashine anaiuza, na mie nakwenda Madale kulinda mihogo. Madale kuna ngedere. Ngedere hawana muda na hadithi zangu.

Kaja fundi Albano. Kasema diski ya ndani imegawanywa vyumba viwili: cha kwanza ndicho kinachoiamsha mashine, cha pili kinatunza kazi. Nikamwambia nyumba ya Kiswahili hiyo, mpangaji wa chumba cha mbele kalala. Akanitazama sana. Akatoa disketi yangu bila kuuliza, akatia yake, akahangaika na chumba cha kwanza hadi adhuhuri. Ikaamka. Kasema chumba kilikuwa kibovu, kakitengeneza. Nikampa hongera. Farida kashinda akipanga majina ya waalikwa.

Jioni nikafunika mdomo.

Jumatano, 7 Agosti

Haiamki tena. Sasa nimejua. Khalil! Ana duka la fotokopi ng'ambo ya barabara, na juzi kaisifia mashine yetu bila kusema mashallah. Nikafukiza udi ofisi nzima. Farida kakohoa, kauliza kumbe kompyuta ndiyo inayoolewa.

Albano karudi, katoa disketi yangu, katia yake, ikaamka. Kaondoka anakuna kichwa. Kadi tatu zikatoka, umeme ukakatika mpaka jioni. Khalil kaniletea kahawa, kanipa shikamoo, kauliza hali ya mgonjwa. Mnafiki. Nikainywa yote.

Kwa hatari hii, mdomo nimeufunika kwa bismillahi mbili.

Alhamisi, 8 Agosti

Haiamki. Bi Hamdiya kaketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Anwar kaniambia mjomba, fungasha. Nikakunja mkeka wangu.

Albano kainama, kaona kitufe pembeni ya mdomo kimejitokeza. Kakibonyeza, disketi ikachomoka. Kauliza nani anaiweka. Kaeleza kwamba mashine ikiamka huchungulia mdomoni kwanza. Ikikuta disketi tupu inakwama hapo hapo, haifiki chumba cha kwanza. Chumba chenyewe hakijawahi kuugua.

Wote wakanigeukia. Nikasema kama si mie, shetani angekwisha kuzila hizo kadi. Farida kacheka mpaka kashikilia printa. Aliyeniokoa ni Bi Hamdiya. Kasema hata yeye angefunika, chombo ni chombo, na vijana wamuache mzee wa watu, wamchapie kadi zake. Anwar kashusha pumzi. Kaniapisha: disketi sitii tena mdomoni. Nikaapa.

Kadi zimetoka kabla ya alasiri.

Ijumaa, 9 Agosti

Mkeka umerudi mahali pake. Baada ya swala nimewasimulia watu barazani nilivyoitengeneza kompyuta. Albano alikuwa ananishikia bisibisi.

Bi Hamdiya kaniletea kadi yangu ya mwaliko. Karatasi ngumu, inang'aa.

Jioni nimefunga madirisha, nikageuka, mdomo wazi. Mie nikiapa nimeapa. Disketi sijaigusa. Kadi nimeikunja mara mbili, imeenea sawasawa.