Tereza wa Kitangiri na Vita vya Kuishusha Besi

Sogeeni, enyi mnaokaa juu ya mawe na enyi mnaokaa katikati ya mawe, kutoka Kitangiri hadi Pasiansi, nanyi mnaogeuza dagaa juani kule ufukweni. Zimeni redio, iteni majirani, anayekaanga sato apunguze moto, kwa maana yanayosimuliwa hapa ni mambo mazito, nayo hayataki kusikilizwa kwa sikio moja. Nawe, Ee Umeme, malkia uingiaye bila hodi na kuondoka bila kuaga, tunakusihi ukae hapo hapo kwenye nguzo yako hadi habari hii ifike ukingoni. Kwani hii ni habari ya Tereza binti Shigela, fundi cherehani kwa riziki na mtengeneza muziki kwa wito, aliyeingia vitani bila jeshi wala mwalimu, akakutana uso kwa uso na Besi, mnyama asiye na mifupa, akamshusha.

Chanzo cha vita kilikuwa sherehe. Precious, dada yake Tereza, mwenye mwendo wa maringo, alikuwa akiagwa na ukoo kabla ya kuolewa. Naye Tereza, katika saa ya ujasiri ambayo mpaka leo hajui ilitoka wapi, alisimama mbele ya jamaa akatamka kwamba dada yake hataingia ukumbini kwa wimbo wa kuazima. Ataingia kwa wimbo uliotengenezwa nyumbani kwa kompyuta, na ndani yake itasikika sauti ya Bibi Kashindye wa Nansio, mama wa baba yao, mwimbishaji wa kwaya aliyestaafu bila kunyamaza, mwanamke ambaye akiita kuku wake asubuhi, kuku wa majirani nao huja.

Basi Tereza akavuka maji kwenda Ukerewe, akamkuta Bibi jikoni, akamwekea simu mbele ya mdomo, na Bibi akaimba huku akichochea uji. Kivuko kilikuwa karibu kung'oa nanga, hivyo shujaa wetu alitoka mbio simu mkononi. Na alipokuwa amekaa juu ya magunia ya viazi, akapata wazo ambalo wakuu wa dunia hulipata mara chache, akairekodi na injini ya kivuko. Ule mngurumo akaja kuuingiza kwenye kompyuta, akaushusha, akauvuta, akaukanda kama ugali wa muhogo, mpaka ukawa Besi. Aliipenda Besi hiyo kama mzazi anavyompenda kifungua mimba. Akaivalisha sauti ya Bibi siku hiyo hiyo, kwa haraka kubwa, wala hakuwahi kuisikiliza sauti ile ikiwa peke yake.

Lakini si wote walioshangilia. Mama yake, Hellen mwenye subira yenye mipaka, alimwita akamwambia, "Tereza mwanangu, hiyo kompyuta baba yako alikununulia usomee. Masomo umeyaacha, sikukulaumu. Ila Paulo mdogo wako ameanza chuo, hana kompyuta, na wewe unaitumia kutikisa vyombo vyangu kabatini. Sasa sikiliza. Jumamosi kamati inakaa kwa shangazi yako. Wakiupenda huo wimbo, kaa nayo. Wakiukataa, kompyuta inakwenda kwa Paulo, na hatutazungumza tena."

Tereza hajapata pumzi, simu ikaita kutoka Nansio.

"Mjukuu wangu, Jumamosi nakuja," alisema Bibi. "Nataka nijisikie. Nisipojisikia, siku ya sherehe nitasimama ukumbini niimbe mwenyewe juu ya hayo makelele yako, tena kwa sauti ya Pasaka. Unanijua."

"Nakujua, Bibi," akajibu Tereza.

Hapo ndipo alipofunga mlango, akavaa hedifoni kama shujaa avaavyo kofia ya chuma, akaingia uwanjani. Na majeshi yalikuwa yamejipanga kwenye skrini, kila moja na kijiti chake cha kupandisha na kushusha sauti: Ngoma mbele, Kinanda upande wa kuume, Bibi Kashindye katikati, na nyuma yao, akipumua taratibu kama kiboko kwenye matete, Besi. Tereza akabonyeza, wimbo ukaanza. Bibi hakusikika vizuri. Akampandisha Bibi. Ngoma ikaona imedharauliwa, ikafifia, akaipandisha Ngoma. Kinanda kikalalamika, akakipandisha Kinanda. Ndipo Besi ikaonekana imenyong'onyea, naye, kwa huruma ya mzazi, akaipandisha kuliko wote. Kwa hiyo Bibi akazama tena, na vita vikaanza upya, kila mmoja akipanda mgongoni kwa mwenzake, mpaka vijiti vyote vikawa vimegonga dari, taa nyekundu zikawaka juu ya skrini kama macho ya fisi, na mabati ya nyumba yakaimba sauti ambayo haikuwamo kwenye wimbo.

"Umeiva," alisema Tereza, ambaye masikio yake yalikwisha kufa ganzi.

Akautia kwenye kadi ndogo, akashuka mlima kumtafuta Zadok, dereva wa bajaji kutoka Mara, mwenye spika chini ya kiti cha abiria, kipimo cha muziki kinachoogopwa na kijiwe kizima. Zadok aliichomeka kadi. Bajaji ikatikisika yote kwa pamoja. Kioo cha pembeni kiliinama kama mtu anayesali, kisha kikadondoka.

Zadok alizima, akashuka, akakiokota kioo, akasimama wima katikati ya barabara na kutoa hotuba. "Dada Tereza, chombo hiki kimebeba wagonjwa, kimebeba maharusi, kimebeba sangara mrefu kuliko mimi, na mkia wake ulikuwa nje. Hakijawahi kuogopa. Leo kimeogopa. Besi yako ni ya hatari, nakupa heshima zote. Ila niambie ukweli kama ndugu: huyo bibi humo ndani, anaimba au anazama?"

Maneno hayo yalimchoma Tereza kuliko mkuki. Hakukata tamaa, akapanda tena mawe hadi mlangoni kwa jirani yake Mzee Ogweno, aliyekuwa amekaa na karedio kake kadogo akisubiri taarifa ya habari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na zile ngurumo zako?"

Kadi ikaingia kwenye karedio. Hapo yakatokea maajabu mengine, kwa kuwa spika ile ndogo haikuiweza Besi kabisa. Ilitoa mikwaruzo mitupu. Mzee Ogweno aliinamisha kichwa akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kama asikilizavyo salamu za rambirambi.

"Nimesikia," alisema hatimaye. "Kuna mtu anakwangua sufuria. Anakwangua kwa bidii sana, Mungu ambariki. Ila chakula kilichokuwamo sikukiona."

Tereza akatoka, akakaa juu ya jiwe lake kubwa nyuma ya nyumba, pale anapoanikia nguo, akalitazama ziwa likimetameta kana kwamba halikuhusika na lolote. Alimwona Paulo kwa macho ya moyo, amekaa na kompyuta yake, akiandika insha ndefu kuhusu vyama vya ushirika. Alimwona Bibi akisimama ukumbini na kujisafisha koo. Machozi yakamjia, na nyuma ya machozi zikaja hasira, na hasira hizo hazikumwendea Zadok wala Mzee Ogweno, zilimwendea Besi. "Nimekuzaa," alisema kwa sauti, na mbuzi wa jirani akainua kichwa. "Nimekulea, nimekupendelea mbele ya wote, na wewe unamkalia bibi yangu kichwani. Leo utanijua."

Akarudi ndani. Akakishika kijiti cha Besi, akakishusha mpaka chini kabisa, mpaka ikawa kimya kama jiwe. Akabonyeza.

Na tazameni! Bibi Kashindye alikuwa amekaa mle chumbani. Si kwa mfano. Tereza aligeuka kuangalia. Kila neno lilikuwa mahali pake, pumzi ilisikika, na mwiko ulisikika ukigonga sufuria kwa mapigo yaleyale ya Ngoma, kama vile mwanamke yule alijua tangu mwanzo. Tereza alifunika mdomo kwa kiganja. Siku zote hizo alikuwa akimtafuta Bibi kwa kumpandisha, na Bibi hakuwa amepungua chochote. Alikuwa amekaliwa tu.

Kisha, kati ya beti na beti, sauti ile ile ikasema kwa kunong'ona, waziwazi, kwa mtu aliyekuwa mlangoni siku ile: "Na huyu Wilhelmina apunguze chumvi."

Shujaa akasimamisha wimbo. Akarudisha nyuma. Hakukosea kusikia. Wilhelmina ndiye shangazi yake, binti wa Bibi, mwenyekiti wa kamati na mpishi mkuu wa ukoo, ambaye pilau yake husifiwa na watu wote, nao huinywea maji mengi. Tereza akakikata kile kipande. Wimbo ukachechemea kama mtu aliyepoteza kiatu kimoja, kwa sababu maneno yale yalikuwa yameangukia juu ya pigo sawasawa. Akakirudisha. Akawaza. Akatabasamu tabasamu ambalo halikumfaa binti wa watu wa kanisani. Ndipo akaipandisha Besi polepole, unywele kwa unywele, akisikiliza kwa sauti ndogo safari hii, mpaka ikafika miguuni pa Bibi, akaiacha hapo imepiga magoti. Vijiti vingine navyo akavishusha, na taa nyekundu zikazimika zote.

Jumamosi ikafika na jua lake. Sebuleni kwa Shangazi kamati ilikuwa imejaa hadi kwenye mikono ya makochi, Bibi Kashindye akiwa kwenye kiti cha heshima na vumbi la safari bado viatuni. Tereza alichomeka waya kwenye spika kubwa. Mama yake alitazama sakafu.

Wimbo ukaanza, na vyombo kabatini havikutikisika. Ngoma iliingia, Kinanda kikafuata, kivuko kikanguruma kwa mbali kama kilivyo hasa ukikisubiri gatini, na juu ya yote Bibi akaimba. Bibi aliyekuwa kitini alishika kifua. "Ni mimi," alisema. "Jamani, ni mimi huyo." Precious alishaanza kuyumbisha mabega. Na hapo, katikati ya furaha, ikaja: "Na huyu Wilhelmina apunguze chumvi."

Mama Hellen alifumba macho kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Shangazi Wilhelmina, simba jike wa masufuria, akainuka taratibu.

"Zima. Nani amesema?"

"Mimi," akasema Bibi. "Nilisema Nansio, na hapa nasema."

"Mama, mbele ya kamati?"

"Kamati imekula pilau yako. Waulize."

Kamati ikatazama dari. Shangazi akamgeukia Tereza, na Tereza akajua kwamba kompyuta, heshima na pengine chakula cha mchana vyote viko kwenye mizani.

"Rudisha nyuma," alisema Shangazi.

Tereza akarudisha. Yale maneno yakapita, na Ngoma ikaangukia nyuma yake kwa kishindo kitamu. "Tena," alisema Shangazi, na safari hii mguu wake mmoja ulipiga sakafu pasipo ruhusa ya mwenyewe. "Tena." Sasa kiuno nacho kikaasi. Mtu mmoja kwenye kochi aliitikia, "Apunguze chumvi!" wote wakapasuka kicheko, na Shangazi alicheka mwisho wao akawashinda wote kwa kelele.

"Chumvi yangu haina tatizo lolote," alitangaza, akifuta macho kwa kanga. "Lakini huu wimbo unachezeka, na kompyuta ibaki ilipo. Paulo tutamtafutia nyingine. Nina sharti moja tu. Hayo maneno yanasikika kwa mbali mno. Kama nasemwa, nisemwe nisikike. Yapandishe."

Naye Tereza binti Shigela, aliyeitwa mpiga kelele na nusu ya Kitangiri, akajinyoosha, akasema mbele ya wazee na kamati yote maneno yaliyomgharimu kioo cha bajaji na machozi ya mchana mzima: "Shangazi, hatupandishi. Tunashusha vingine."

Akakigusa kijiti cha Besi, akakishusha kidogo, kidogo sana, kiasi cha upana wa ukucha. Wimbo ukapigwa, na chumvi ikasikika hadi barabarani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku ya sherehe Precious aliingia ukumbini, na Ilemela nzima ikaitikia kwa mkupuo, mbele yao akicheza Shangazi Wilhelmina mwenyewe na upawa mkononi. Na watu wa mlima ule, wakitaka kukumbuka jambo lilitokea lini, hawahangaiki tena na kalenda wala mafuriko wala uchaguzi. Huuliza tu kama lilitokea kabla Besi haijashushwa, au baadaye.