Mkorosho Wetu Umefanywa Ngamia

Waberi, Garissa
Jumatano, 15 Oktoba

Kwa Bwana Musyoka, Afisa wa Kilimo,

Asalaam aleikum, na kama wewe ni wa kanisani, Bwana asifiwe. Naamini mojawapo itakufikia vizuri.

YAH: MKOROSHO KUFANYWA NGAMIA

Mimi ni Deka Abdimalik wa Gredi ya Nane, yule msichana uliyempa mche wa mkorosho miaka mitatu iliyopita kwa sababu aliuliza maswali kumi na moja. Mche sasa ni mti na umenipita kimo, lakini haujawahi kuzaa. Baba anataka kuegesha pikapu yake mahali ulipo. Amesema asipoona korosho kufikia Jumamosi hii, ataleta shoka. Nami nataka kuwa afisa wa kilimo kama wewe, na sijui nitaanzaje kazi hiyo ikiwa mti wangu wa kwanza umekatwa. Kwa heshima, ninamshtaki nyanya yangu, Ayeeyo Kaltun, kama ifuatavyo:

1. Ayeeyo alifuga ngamia Ijara kwa miaka hamsini. Anasema mti usiozaa una ugonjwa ule ule wa ngamia asiyetoa maziwa: umekosa chumvi. Kila mwezi unapoandama, anaumwagia kopo moja kutoka mfuko wake wa chumvi ya ngamia. Nilimweleza kwamba chumvi huunguza mizizi, nikamsomea yote ile karatasi ya maelekezo uliyonipa. Akauliza, "Huyo Musyoka amekamua ngamia wangapi?" Tafadhali niandikie idadi.

2. Karatasi yako inasema mbolea iwekwe kwa duara chini ya ncha za matawi, mbali na shina, ili mizizi iipate na kokwa zijae. Ayeeyo anaweka chumvi yake shinani kabisa. "Maskini mti! Nani humwekea mnyama chakula mbali na mdomo wake?" Ikabidi tugawane. Mashariki ni kwangu: samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na ile mbolea nyeupe uliyotuletea shuleni, ambayo naipima kwa kijiko. Magharibi ni kwa Ayeeyo.

3. Upande wangu majani yamekauka ncha. Upande wa Ayeeyo umechanua. Huu si uungwana. Niliupanda mimi, nao umeegemea upande wa mtu ambaye hata karatasi hakuishika.

4. Ameuvisha kengele ya mbao, ameuchora chapa ya ukoo, anauita Barwako, na jioni anauimbia nyimbo za kunyweshea ngamia kisimani. Jirani yetu Safiyo hupita kila asubuhi akiuliza, "Barwako ameamkaje?" Juzi nilijikuta nimemjibu, "Salama, amekula vizuri."

Kwa hiyo naomba uje Ijumaa, ukiwa na kofia yako ya kazi, umwambie Ayeeyo kwamba mti si ngamia.

Lakini nimefikiria zaidi. Ikiwa hutamshinda (hakuna aliyewahi), basi niandikie barua yenye muhuri kwamba mkorosho huu ni ngamia jike mwenye mimba. Hapo tutapata chanjo na daktari wa mifugo, na Baba hatathubutu. Waberi nzima hakuna mtu atakayeinua shoka juu ya ngamia aliye karibu kuzaa. Atawaambia nini wazee msikitini?

Wasalimie jamaa zako wote, dereva wako aliyekwama mchangani siku ile, na waliomsukuma.

Mwanafunzi wako mwenye matumaini,
Deka Abdimalik

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, nilikwenda kupima mbolea na punje ikanirukia mdomoni. Mfuko wangu ni wa chumvi! Nimekumbuka: nilipofagia stoo kwa ajili ya Idd niliihamisha mifuko yote miwili, nayo yote ni myeupe, haina maandishi. Tangu Idd, Ayeeyo ameulisha mti mbolea yako, nami nimeulisha chumvi, kwa kijiko, nikifuata karatasi. Nimeumwagia upande wangu madebe tisa ya maji ili kuiosha.

Upande wa Ayeeyo kuna korosho saba ndogo za kijani. Amemwonyesha Baba, akamwambia, "Abdimalik, rudisha shoka ulikolitoa. Huyu ni wangu, na ana mimba." Baba ameondoa pikapu.

Ayeeyo hajui habari ya mifuko. Akijua mti umekula mbolea ya serikali, ataona ni mti tu, na nani tena atasimama mbele ya shoka?

Tafadhali usije. Tuma barua ya ngamia.