Kumbe Sakafu Ni Nyekundu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shangazi kapiga simu sijanawa hata uso. Anakuja Jumapili. Haji kunisalimia, anakuja kukagua. Nyumba ni yake, mimi mkaaji tu, mwaka wa nne sasa, bure kabisa, kwa ahadi moja kwamba nitaitunza. Amesikia kwamba siitunzi. Hakusema kasikia kwa nani. Hakuna haja. Ni Binamu!

Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nikiikuta chafu," akasema, "Jumatatu funguo nampa mwenzako."

Mwenzangu ni huyo huyo Binamu. Tumezaliwa mwaka mmoja, Shangazi katulea pamoja humu humu ndani. Sasa amepanga chumba kimoja mtaa wa nyuma, anapiga pasi mpaka soksi, na anaitamani nyumba hii kufa na kupona. Mimi nikitoka humu sina pa kwenda. Mshahara wa karani wa masjala haupangi hata veranda.

Nikamwambia Shangazi aondoe shaka. Naomba likizo ya wiki nzima, nitaisafisha kwa mikono yangu miwili. Likizo kweli nimeomba. Mikono ndiyo sijaiuliza.

Mchana nikajaribu. Nikafagia sebule. Vumbi likanyanyuka, likazunguka, likarudi pale pale. Nikakaa chini nikawaza. Mpango ukaja wenyewe: natafuta mtu wa usafi, anafanya kazi kimyakimya, sifa nachukua mimi. Mbona rahisi!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mambo yanakwenda. Mwenye duka la pembeni kanielekeza kwa mama mmoja anayesafisha nyumba za watu. Anasema watu wanampanga foleni. Nikampigia. Akauliza vyumba vingapi, madirisha mangapi, na dari ilifutwa lini mara ya mwisho. Dari! Sikujua dari inafutwa. Nikasema juzijuzi. Nikamsikia akiandika kitu. Halafu akasema atakuja kesho saa moja asubuhi.

Nilipokata simu aibu ikanishika. Mtu baki ataingia humu, aone ninavyoishi! Atanionaje? Nikaanza kusafisha ili msafishaji asinidharau. Saa nne nzima nilihangaika. Vyombo vichafu nikavijaza kwenye beseni, beseni nikalisukuma kabatini. Juu yake nguo. Juu ya nguo magazeti. Juu ya magazeti sufuria iliyoungua wiki iliyopita, ambayo sikupenda kuitazama. Mlango wa kabati nikaufunga kwa goti.

Nyumba ikapendeza. Nikajiuliza kama kweli namhitaji huyo mama.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Sijui nianzie wapi. Si uchovu, maana leo sikufanya lolote.

Kafika saa moja kamili. Mama wa makamo, mfupi, kitambaa kichwani, ndoo mbili, ufagio mrefu na mfuko wa matambara. Hakugusa kitu. Alisimama katikati ya sebule karibu robo saa, akitazama tu. Nikauliza kama kuna tatizo. Akasema anaisoma nyumba. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akalifungua. Kila kitu kikamporomokea miguuni. Hakushtuka hata kidogo. Nikamwuliza amejuaje.

"Vyumba vingine vimekaa kama havina mtu, mwanangu," akasema. "Na mtu nimemkuta mlangoni. Vitu vyake lazima viko mahali."

Halafu akaanza kunieleza maisha yangu. Kwamba nakula kwenye kiti cha dirishani, mguu wa kushoto juu ya meza. Kwamba nikifagia naishia kwenye zulia, nainua ncha, nasukuma, nashusha. Kwamba taa ya ukumbini imeungua zamani, nikipita napapasa ukuta kwa mkono wa kulia. Yote ni kweli! Kayaona kwa kutazama madoa tu. Nina daktari wa miaka kumi, hanijui hivi.

Akaanza kazi juu. Ufagio mrefu, tambara limefungwa nchani mwa ufagio, dari yote kutoka pembe hadi pembe. Kisha kuta. Nikamwuliza kwa nini asianze na sakafu, ndiyo inayoonekana. Akanitazama kwa huruma. Akanieleza kwamba vumbi linashuka, halipandi, ukianza chini utasafisha mara mbili. Nina miaka thelathini na minane, hakuna aliyewahi kuniambia! Nilikaa kitini nikamwangalia mchana kutwa. Nilisahau kula.

Saa tisa akafika chini. Maji ya moto, sabuni ya mche, brashi. Sasa, mimi nimekaa nikijua sakafu yetu ni ya kijivu. Akapiga magoti, akasugua mahali padogo kama trei ya chai, akapangusa. Nyekundu! Nyekundu iliyokolea, inang'aa, unaona uso wako. Nikapiga magoti na mimi nikaigusa. Nikakumbuka tulivyokuwa tukiteleza juu yake na soksi, mimi na Binamu, mpaka Shangazi atufukuze. Miaka minne nimekanyaga kitu kizuri hivi sina habari. Nikatoka nje kidogo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo madirisha. Siki kidogo, magazeti yaliyofinyangwa, mkono unazunguka taratibu. Kioo kikapotea kabisa, nikadhani kaking'oa. Kumbe tuna jirani! Ng'ambo ya njia kuna mlango wa buluu, na mzee mmoja amekaa mbele yake. Akanipungia mkono. Nikatoka kumwamkia. Akasema amenipungia kila asubuhi tangu mwaka juzi, akakata shauri kwamba nina maringo. Tulicheka. Mzee mzuri sana.

Ila wasiwasi umeniingia. Nyumba inazidi kuwa safi! Shangazi ananijua tangu nikiwa na nepi, hawezi kuamini hii ni kazi yangu. Nikamfuata Mama, ndivyo ninavyomwita sasa, nikamwomba kwa upole aache uchafu kidogo. Pembe moja tu, nyuma ya mlango, ionekane kazi ya mtu wa likizo. Mkono ukasimama kwenye kioo.

"Mimi siachi kazi nusu," akasema. "Ukitaka uchafu, utautia mwenyewe nikishaondoka."

Hakugomba. Lakini nilijiona niko mbele ya mwalimu mkuu. Niliomba radhi papo hapo, tena mara mbili, kitu ambacho hata bosi wangu hajawahi kukipata.

Saa kumi na moja Mama alipokwisha ondoka, Binamu huyo mlangoni. Eti anapita tu. Akachungulia ndani, sakafu ikammulika usoni. Nikamwambia nimefanya mwenyewe, kila kitu. Akatazama mikono yangu, akaitazama tena. Nikaitia mfukoni.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo jikoni. Mwimo wa mlango wa jikoni mimi nilidhani umepakwa rangi ya kahawia. Hapana. Ni mafuta ya kupikia, tabaka juu ya tabaka. Mama alikuwa akiyakwangua kwa kijiko, mara akasimama. Akaweka kijiko chini, akatoa mswaki mzee mfukoni, akaniita.

Chini ya mafuta kuna mistari ya kalamu ya risasi. Pembeni namba, na majina yetu. Vimo vyetu! Kila mwisho wa mwaka, shule ikifungwa, Shangazi alitusimamisha pale, mgongo kwenye mwimo, kitabu kichwani, akachora. Miaka sita, saba, nane, mpaka kumi na miwili. Nilisahau kabisa.

Mama alipita katikati ya mistari ile kwa mswaki asubuhi nzima. Hakufuta hata mmoja! Mikono ile ile iliyosugua sakafu juzi, hapo ilikuwa kama inamwogesha mtoto mchanga. Alipomaliza tulisimama wote wawili tukitazama. Nimefurahi kwamba nilikuwepo.

Saa tisa kazi imekwisha. Nikampa haki yake, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Nikamwomba tu asimwambie mtu kwamba alikuja. Akasema yeye hana kawaida ya kusema habari za nyumba za watu. Kalitamka jambo hilo kama kiapo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimekaa mbele ya mwimo tangu nilipoamka. Kuna kitu kinaniudhi.

Kila mwaka Binamu yuko juu yangu. Kidole kimoja. Vidole viwili. Kila mwaka, bila kukosa! Halafu hapo penye tisa, Binamu ana mstari, mimi sina. Pako wazi. Shangazi alisahau tu, watu husahau. Si haki. Mtoto wa watu akae bila kimo mwaka mzima?

Kalamu ya risasi ninayo, makarani hatukosi.

Nimeweka mstari wangu. Vidole viwili juu ya Binamu, si zaidi, sipendi kujikweza. Tisa nikaiandika na mkia uliopinda kama anavyoandika Shangazi. Nikapitisha kidole ili ufifie. Huwezi kuutofautisha na ile mingine. Kwa unadhifu ule, hata Mama angenivulia kitambaa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kafika saa nne, Binamu nyuma yake amebeba mkoba. Mlangoni tu Shangazi akasimama. Akavua viatu bila kuambiwa. Akasimama peku juu ya wekundu ule, akatazama chini kama anayemtafuta mtu.

"Hii sakafu aliimwaga baba yangu," akasema.

Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa laini hivyo. Akapitisha kidole juu ya kabati. Safi. Juu ya mlango. Safi. Kwenye balbu. Safi! Akaniita mwanangu, akanikumbatia, akasema funguo zibaki zilipo. Binamu alikuwa amenywea pale na mkoba wake, nikamwonea hata huruma. Nimeshinda! Ningeishia hapo kuandika, lakini aliingia jikoni.

Aliiona mistari. Akashika mdomo. Machozi yakamtoka, akawa anapitisha kidole mbele ya kila namba bila kuigusa, akitaja miaka. Sita. Saba. Nane. Tisa. Kidole kikasimama.

"Hapa ulikuwa na surua," akasema. "Ulilala kwa bibi yako mwezi mzima. Nani alikupima?"

Nikasema pengine bibi. Binamu akasogea, akainama, akatazama. Akasema jambo la ajabu ni kwamba nikiwa na miaka tisa nilikuwa mrefu kuliko nikiwa na kumi. Kweli! Sikuutazama mstari wa kumi! Nilikuwa nimerefuka, kisha nikafupika kidole kimoja.

Shangazi akapitisha kidole juu ya tisa yangu. Kidole kikatoka cheusi. Akanigeukia, machozi bado mashavuni, akaniuliza nilianza kusafisha wapi. Hilo nalijua! Nikasema dari. Akauliza kwa kitu gani. Nikasema kwa ufagio mrefu uliofungwa tambara. Akasema niulete.

Ufagio wa humu ndani ni mmoja, mpini ulivunjika mwaka jana.

Nikasema yote. Nilitegemea moto. Haukuwaka, na hilo ndilo lililonivunja. Alikaa kwenye kibao cha jikoni akauliza swali moja tu: ni nani huyo aliyetoa mafuta yote yale na asifute mstari hata mmoja? Nikampa namba ya Mama, akampigia. Wakaongea dakika arobaini. Nilimsikia Shangazi akicheka, kisha akilia kidogo, kisha akicheka tena.

Hukumu ni hii. Naendelea kukaa humu miezi mitatu kwa majaribio. Kila Jumamosi saa tatu Mama atakuja, atakaa kitini kwangu, mimi nitasafisha, yeye atatazama. Miezi hiyo ikiisha na Mama hajaridhika, nyumba inakuwa ya Binamu. "Safari hii kwa mikono yako," Shangazi akasema, na akaishika, akaigeuza viganja juu, akaiachia. Nikataka kuufuta mstari wangu wa uongo. Kakataa. Anasema ukae hapo hapo, niwe nauona nikienda kunywa maji.

Nilijisikia vibaya sana. Bado najisikia.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kesho ndiyo Jumamosi ya kwanza. Wiki nzima nimewaza, na nimebadilika.

Nimeiwaza mikono ya yule mama. Nimewaza mswaki ule katikati ya mistari. Kazi ile si mchezo, ile ni elimu. Sasa mimi ni nani, na ufagio wangu usio na mpini, niipapase kazi ya watu na kuiharibu, tena mbele ya macho yake? Huo ni utovu wa adabu. Kwa kumheshimu yeye, nimetafuta mtu.

Ni dada mmoja mkunjufu, nimempata kwa mwenye duka yule yule. Atakuja saa kumi na mbili, atamaliza, ataondoka kwa mlango wa nyuma kabla ya saa tatu. Mama akiingia atanikuta na tambara mkononi na maji usoni mithili ya jasho. Nitasugua pale palipokwisha sugulika. Hakuna anayeumia!

Nilimwuliza kama kazi anaijua. Akasema anaanza na dari na kushuka, ndivyo alivyofundishwa na mama yake mdogo. Nikafarijika, kumbe ndio utaratibu wa wataalamu wote. Ombi lake ni moja tu: amwambie kwanza huyo mama mdogo anakokwenda, maana naye kesho ana kazi mtaa huu huu saa tatu, huenda wakakutana.

Nimemwambia amwambie bila wasiwasi, na amfikishie salamu zangu.